Usiufiche Uvimbe Usiouma

(Mazungumzo na wanakisomo wa kata ya Makanyagio, Mpanda)



Leo tutazungumza juu ya saratani, ugonjwa ambao wengine huuita kansa. Tutazungumza pia juu ya dawa za mitishamba. Nitaanza na habari ya nyumbani kwetu.

Shangazi yangu aliona uvimbe kwenye titi. Ulikuwa mdogo kama punje ya hindi. Haukuuma, basi akanyamaza. Baadaye alimwambia mama, na mama akaniambia mimi. Wakati huo nilikuwa chuo cha ualimu. Je, mimi msomi nilifanya nini? Nilikwenda stendi, nikanunua pakiti ya unga wa mizizi. Muuzaji alisema unatibu kansa, kisukari na presha. Nikampelekea shangazi. Akanywa mwaka mzima. Akauza mbuzi wake, mmoja baada ya mwingine, ili anunue pakiti nyingine. Alipofika hospitali, titi lilikuwa kidonda. Hakuyaona mavuno yaliyofuata. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Sasa, saratani ni nini? Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, hazionekani kwa macho. Chembe hizo huzaliana kwa utaratibu. Mtu akiwa na saratani, baadhi ya chembe huzaliana ovyo bila kukoma. Ni kama gugu shambani. Likiwa dogo, unaling'oa kwa mkono. Likishatoa mbegu, linaenea shamba zima. Saratani nayo huenea hadi kwenye mapafu, ini au mifupa. Kwa hiyo jambo kubwa ni kuwahi.

Mtaniuliza, "Mwalimu, unasema mitishamba haifai?" Hapana, sisemi hivyo. Kuna mmea mdogo wenye maua meupe au ya rangi ya waridi. Asili yake ni Madagaska, na watu huupanda uani kwa urembo. Kutokana na mmea huo wataalamu walipata dawa iitwayo vinkristini. Tangu miaka ya 1960 dawa hiyo inasaidia kutibu saratani ya damu ya watoto. Husaidia pia kutibu saratani ya taya ya watoto, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958.

Lakini sikilizeni vizuri. Majani mengi sana hutoa dawa kidogo sana. Dawa hiyo husafishwa, hupimwa, kisha mgonjwa huingiziwa kwenye mshipa wa damu. Ikizidi, huharibu mishipa ya fahamu. Ukichemsha majani hayo nyumbani, hujui umekunywa kiasi gani. Unaweza kunywa sumu ukidhani ni tiba.

Wengi wenu mnakumbuka habari za Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu. Walikunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Walisikia kwamba inaponya UKIMWI, kisukari na saratani. Wengine walifia kwenye foleni. Wengine waliacha dawa za hospitali, wakazidiwa. Babu alifariki mwaka 2021. Hadi leo haijathibitishwa kwamba kikombe kile kinaponya saratani.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, ukiona dalili, nenda zahanati mapema. Dalili ni kama uvimbe kwenye titi, hata kama hauumi; kidonda kisichopona; kumeza kwa shida; au damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi.

Pili, akina mama wapimwe mlango wa kizazi. Muuguzi hupaka siki na kutazama. Ni kazi ya dakika chache.

Tatu, mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapewe chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Hailipiwi.

Nne, kama unatumia mitishamba, mwambie daktari. Usione haya. Mizizi mingine hugombana na dawa za hospitali.

Najua, mtasema Bugando kule Mwanza ni mbali, na Ocean Road kule Dar es Salaam ni mbali zaidi. Nauli ni ghali. Ni kweli. Lakini mbuzi wa shangazi wangetosha nauli ya kumfikisha Bugando, uvimbe ukiwa bado kama punje ya hindi. Tuliwamaliza kwa kununua unga.

Ukirudi nyumbani leo, msomee jirani yako habari hii. Pengine anaficha uvimbe.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini shangazi alinyamaza?
2. Kuna tofauti gani kati ya dawa iliyopimwa na majani yaliyochemshwa nyumbani?
3. Hapa kijijini tunaweza kumsaidiaje mgonjwa kupata nauli ya hospitali?