Sauti na Akili: Siti binti Saad Katika Daraja la Watunzi

Masimulizi mengi ya historia ya taarab, yaani muziki wa mwambao unaojengwa juu ya mashairi ya kuimbwa yanayosindikizwa na ala kama udi, fidla na kanuni, humtaja Siti binti Saad kwa heshima kubwa lakini kwa sababu moja tu, nayo ni sauti yake. Heshima hiyo imemfunika kuliko ilivyomfunua, kwa kuwa inamwacha nje ya orodha ya watunzi, na mhadhara huu unashikilia kwamba kumhesabu kuwa mwimbaji tu ni hukumu iliyorithiwa, pasipo kuchunguzwa, kutoka kwa mahasimu wake mwenyewe.

Yanayofahamika kuhusu maisha yake hayahitaji kurefushwa. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, akakulia katika kazi ya ufinyanzi na uchuuzi wa vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, akafunzwa muziki na Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa mwaka 1905, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Taarab aliyoikuta ilikuwa ya Kiarabu na ya majumba ya wakubwa tangu enzi za Sultani Barghash, ilhali aliyoiacha ilikuwa ya Kiswahili na ya watu wote.

Wanaomnyima cheo cha utunzi hutoa hoja tatu, ambazo kila moja inastahili kupimwa. Hoja ya kwanza ni kwamba hakusoma shule, kwa hiyo hakuweza kutunga. Hoja hii inachanganya utunzi na uandishi, na anayeishikilia analazimika kuwafuta pia manju na malenga wengi wa Pwani waliotunga kichwani na kuachia wengine kazi ya kuandika. Mizani, yaani idadi ya silabi katika mstari, na vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, ni mambo ya sikio kabla hayajawa mambo ya wino. Mwenye sikio hutambua mstari uliopungua hata kama hajui herufi moja, na mwenye kalamu asiye na sikio huandika guni, yaani shairi lenye kasoro za vina au mizani, bila kujua.

Hoja ya pili ni kwamba ilikuwa desturi ya malenga kuwatungia waimbaji, na kwamba jina la mwimbaji kwenye santuri halithibitishi nani alitunga maneno. Hoja hii ni ya kweli, lakini inakata pande mbili, kwani jina ambalo halithibitishi kwamba Siti alitunga halithibitishi vilevile kwamba hakutunga. Ushahidi sharti utafutwe kwingine, na chanzo kinachopita vyote ni Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert.

Thamani ya kitabu hicho haijakadiriwa ipasavyo. Mwandishi wake ndiye aliyeandika Maisha Yangu kuhusu nafsi yake, na alipoamua kumwandikia mwanamke wa shamba, binti wa watu wa kazi za mikono, alimpa uzito uleule wa lugha na wa maadili. Zaidi ya hayo, Shaaban Robert alikuwa mshairi, na mshairi hasikilizi wimbo kama msikilizaji wa kawaida, bali hupima kila neno kwa mizani ya kazi yake mwenyewe. Ndani ya simulizi lake mna kisa cha mahasimu waliomwimbia Siti kejeli, wakimkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini na kuuliza angekula nini kama asingekuwa na sauti. Jibu la Siti, ambalo nalo lilikuwa shairi, halikuitetea sauti hata kidogo, bali lilitupilia mbali sura na nasaba, likaweka akili kuwa kipimo cha mtu. Mahasimu walimwachia koo, naye akadai kichwa, na mtafiti wa leo anayeandika kwamba Siti alikuwa sauti tu anaurudia ubeti wa mahasimu hao kwa lugha ya kitaaluma.

Hoja ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba mashairi yalitungwa na kundi lake, wakiwemo Subeti Ambar, Buda Mwendo, Maalim Shaaban na Mbaruk wa Mombasa. Wimbo wao wa Kijiti unatosha kuijaribu hoja hiyo. Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, ambapo mwanamume aliyetuhumiwa alitoroka kwenda bara, ilhali wanawake waliojitokeza kushuhudia, kama anavyoeleza mwanahistoria Laura Fair, ndio waliopata adhabu. Ubeti wake wa kwanza umejengwa kwa ustadi wa kutisha, kwa sababu jina la mtuhumiwa, Kijiti, ndilo linaloweka kina cha mwisho, kina hicho kikapita kwenye jina la mchezo wa watoto, kisha kikatua kwenye neno maiti.

Inakubalika kwamba ubeti kama huo huenda ulipitia vinywa vitano kabla ya kutulia. Lakini kundi hilo lilikusanyika nyumbani kwa Siti, jina lake ndilo lililolibeba, na neno lolote ambalo yeye hakulikubali halikuweza kuimbwa. Kwa ada ya Pwani, mwenye uamuzi wa mwisho juu ya neno ni mtunzi.

Mwenye mhadhara huu amekuwa na mazoea ya kuwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandike majina kumi ya washairi wa Kiswahili, na katika miaka yote ya zoezi hilo Siti ametajwa mara mbili, zote mbili na wanafunzi waliomjua kupitia nyanya zao. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na methali hiyo haijapata kumfaa mtu kama inavyomfaa binti huyu wa wafinyanzi.

Kwa hiyo wahariri wa diwani na watunga mitaala wanaombwa jambo moja lililo dogo: wimbo wa Kijiti uingizwe katika vitabu vya ushairi, na chini yake paandikwe, mahali pa jina la mtunzi, Siti binti Saad na kundi lake.