Sahani moja ya sambaza inalisha watu wangapi?

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza juu ya kazi ya restora, na mfano wetu ni Rubona, hapa Rubavu, kando ya Ziwa Kivu.

Chukua sahani moja ya sambaza wa kukaanga na viazi. Kabla ya kufika mezani imepita mikono mingi. Wavuvi wamekesha ziwani, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa zinawaka ili kuwavuta samaki. Asubuhi akina mama wananunua na kubeba kwa beseni. Kuna mkulima wa viazi, muuza makala, kijana wa moto anayeleta mzigo, mpishi, anayehudumia meza na anayeosha vyombo. Mteja akilipa, mafranga yake yanawafikia watu asiowaona.

Mlolongo huo ukikatika, wote wanaumia. Machi 2020, wakati wa korona, restora za Rwanda ziliruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu. Meza zikiwa tupu, mhudumu hana kazi, na mama wa samaki anapunguza beseni. Hata uvuvi unapofungwa kwa muda ili sambaza wakue, jikoni wanajua.

Kwetu vijana wakimbizi, restora ni mlango. Haianzi kwa kukuuliza diploma. Inauliza kama unajua kupika, kama unafika mapema, kama mikono yako ni safi. Kiswahili chetu nacho ni faida, maana Goma iko karibu na wateja wanavuka mpaka.

Lakini usianze kazi kabla ya kupatana. Kuna anayeosha sahani miezi na miezi kwa chakula tu, akiambiwa bado anajifunza. Kujifunza kuna mwisho. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inasema mkataba usioandikwa usizidi siku 90 mfululizo. Umri wa kuajiriwa unaanza miaka 16. Na mkimbizi mwenye kitambulisho anaruhusiwa kufanya kazi.

Kwa hiyo uliza mapema: Mshahara ni mafranga ngapi? Unalipwa tarehe gani? Siku ya kupumzika ni ipi? Sahani ikivunjika, nani analipa? Kuuliza si kukosa adabu.

Na wewe mwenye restora unayetusikiliza: mfanyakazi anayelipwa kwa wakati hakukimbii, na wateja wanarudi kwa mkono waliouzoea.

Sambaza mwenyewe alikuwa mgeni hapa. Aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo analisha wenyeji na wageni pamoja.

Zungumzeni haya nyumbani, hasa na yule anayeanza kazi wiki hii.

(Muziki wa kufunga.)