Mashine ya Kupumulia Usiku na Safari ya Pasipo na Stima

Leo ninazungumza na wewe mama, na wewe mlezi, ambaye nyumbani kwako kuna mtu anayelala na mashine ya CPAP. Pengine ni baba watoto, pengine ni nyanya, pengine ni mtoto. Nyumbani mashine huchomekwa kwenye soketi na kazi imekwisha. Lakini sasa likizo imefika. Mnakwenda mashambani kwa siku nne, au kanisa linapiga kambi na mtalala kwenye hema, na huko hakuna stima. Je, mashine mtaifanyia nini?

Watu wengi huiacha nyumbani wakisema, "Ni siku nne tu." Tafadhali usifanye hivyo kabla hujasikiliza mazungumzo haya.

Kwanza tukumbushane mashine hii ni ya nini. Kuna watu ambao wakilala, nyama laini za koo hulegea na kuziba njia ya hewa. Mtu hukoroma, kisha hunyamaza kabisa kwa sekunde 10 au zaidi, halafu hushtuka akitafuta pumzi. Hali hiyo hujirudia mara nyingi usiku mmoja. Huwapata watu wazima, hasa wanene, na huwapata pia watoto wenye tonsili kubwa au wenye hali ya Down. Mashine ya CPAP husukuma hewa ya kawaida kupitia kinyago, na nguvu ya hewa hiyo huizuia njia isizibe. Daktari mmoja wa Australia, Colin Sullivan, ndiye aliyeeleza matibabu haya mwaka wa 1981, na tangu hapo yamewasaidia watu wengi sana.

Mashine hii haiponyi ugonjwa. Huzuia koo lisizibe wakati imevaliwa tu. Ukiiacha nyumbani, kukoroma na kukatika kwa pumzi hurudi usiku huo huo. Asubuhi mgonjwa huamka na kichwa kizito na usingizi wa mchana. Kama yeye ndiye dereva wa kuwarudisha nyumbani, basi hatari si yake peke yake. Ni ya kila mtu aliye ndani ya gari.

Habari njema ni kwamba mashine hii inaweza kutumia betri. Lakini ni lazima ujue hesabu yake, na hesabu yenyewe si ngumu.

Chukua mfano wa mashine inayotumia wati 15. Mgonjwa akilala saa 8, zidisha 15 kwa 8, utapata 120. Hizo ni wati-saa 120 kwa usiku mmoja. Sasa tazama betri. Betri ya volti 12 iliyoandikwa 50Ah, zidisha 12 kwa 50, utapata wati-saa 600. Usifurahi mapema. Betri ya kawaida ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa maana ukiimaliza mara kwa mara inakufa upesi. Kwa hiyo una 300 za kutumia. Kama unatumia inveta, yaani kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uwe kama wa soketi, nacho hula kiasi chake. Ongeza kama sehemu moja ya tano. Zile 120 zinakuwa karibu 150. Basi betri hiyo, ikiwa nzima na imejaa, itakupa usiku mara 2.

Sasa sikiliza jambo linalowashangaza wengi. Mashine nyingi zina kibakuli cha maji kinachopashwa moto ili hewa isikaushe pua. Kile kipashio ndicho kinachokula umeme. Mashine iliyokuwa ikitumia wati 15 inaweza kufika wati 60 kikiwashwa. Betri ile ile iliyotosha usiku mara 2 itatumia nusu yake kwa muda wa saa 4 hivi. Mgonjwa akilala saa tatu usiku, kufikia saa saba betri imefika mwisho wake, na kungali usiku mkubwa. Kwa hiyo, mwulize daktari au aliyewauzia mashine jinsi ya kuzima kipashio hicho, na mpira wa hewa wenye joto kama upo. Lakini usipunguze nguvu ya hewa ili kubana betri. Nguvu hiyo iliwekwa na daktari, na ni dawa kama dawa nyingine. Badala yake, hakikisha kinyago kimekaa vizuri, kwa sababu hewa ikivuja mashine hufanya kazi zaidi.

Pengine unajiuliza utajuaje mashine yako inatumia wati ngapi. Namba iliyoandikwa kwenye adapta ni kiwango cha juu kabisa, si matumizi ya kila usiku. Njia ya hakika ni kuijaribu nyumbani. Wiki mbili kabla ya safari, jaza betri, mgonjwa alale nayo usiku mzima kipashio kikiwa kimezimwa, na stima iwe karibu endapo itazimika. Asubuhi chomoa kila kitu, uiache betri ipumzike saa chache, kisha fundi aipime kwa mita. Betri ya asidi iliyojaa huonyesha karibu volti 12.7. Ikionyesha karibu 12.2, ujue nusu imekwisha. Usiku huo mmoja wa kujaribu utakuonyesha kama betri unayo, au unahitaji nyingine.

Kuhusu waya: kama kampuni iliyotengeneza mashine ina waya wake wa kuunganisha moja kwa moja na betri ya volti 12, huo ndio bora, kwa sababu hupotezi umeme kwenye inveta. Lakini angalia vizuri. Mashine nyingine hutumia volti 24, na waya wake huwa na kifaa cha kuongeza volti. Usimruhusu mtu akate waya wa mashine na kuufunga kwa betri. Mashine ya bei kubwa inaweza kuungua mara moja.

Tuje kwa sola. Unapiga simu mashambani na kuuliza, "Sola iko?" Unajibiwa, "Iko." Uliza tena, ni sola gani? Zile za taa tatu na kuchaji simu zina betri ndogo ambayo haiwezi kuendesha mashine hii usiku kucha. Unahitaji betri kubwa kama tulivyosema, pamoja na kifaa cha kudhibiti chaji. Paneli ya wati 100, ikipata jua kali la saa 5, inaweza kurudisha kama wati-saa 350 kwa betri. Hizo zinatosha usiku mmoja na kubaki. Lakini mwezi wa Julai, kule Limuru au Nyandarua, ukungu unaweza kukaa mpaka mchana na jua lisitoke. Kwa hiyo panga usiku mmoja zaidi ya siku zenu za safari. Kama ni siku 3, uwe na umeme wa 4.

Betri za lithiamu ni nyepesi na unaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake bila kuiharibu, ila bei yake ni ya juu. Betri iliyo ndani ya gari usiitegemee. Ile imetengenezwa kwa kuwasha injini, na mkiitumia usiku kucha asubuhi gari huenda lisiwake.

Sasa akina mama, hapa naomba usikivu wenu, maana kosa hapa huua. Jenereta au injini ya gari hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mashine ya CPAP haichuji sumu hiyo. Huvuta hewa iliyo chumbani na kuisukuma ndani ya mapafu. Jenereta isiwekwe ndani ya nyumba, jikoni, barazani wala karibu na hema. Iwe mbali mita 6 au zaidi, moshi ukielekea kwingine. Na lile jiko la makaa la kuota usiku lisiingie mnamolala. Afadhali mtumie jenereta mchana kujaza betri, kisha usiku izimwe.

Betri ya asidi nayo isafirishwe ikiwa wima. Inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kushika moto, kwa hiyo ichajiwe nje, mbali na mshumaa na sigara. Fundi aweke fyuzi kwenye waya wake, na watoto wasiichezee. Kabla ya safari mwaga maji yote ya kibakuli yasiingie ndani ya mashine. Mkifika, mashine iwekwe juu ya sanduku au stuli, mbali na vumbi na umande.

Je, umeme ukikatika usiku? Mgonjwa avue kinyago mara moja, kwa kuwa bila hewa ya mashine atakuwa akivuta tena hewa aliyoitoa. Mtoto mdogo hawezi kujivua, kwa hiyo mtu mzima alale karibu naye, tochi ikiwa mkononi. Mtu mzima alale ubavu, kichwa kikiinuliwa, wala asinywe pombe. Asubuhi asiendeshe gari kama hakulala vizuri.

Mwisho, usichanganye CPAP na mashine ya kutengeneza oksijeni. Ile ya oksijeni inaweza kutumia wati 300 au zaidi, na hesabu ya leo haiitoshi. Kama mgonjwa wako anatumia oksijeni, au kama daktari alisema asikae bila mashine hata kidogo, usisafiri kwenda pasipo na stima kabla ya kuzungumza naye.

Basi msikilizaji, kumbuka mambo haya: piga hesabu ya usiku mmoja, zima kipashio, jaribu nyumbani kabla ya safari, ongeza usiku mmoja wa akiba, na moshi uwe mbali na wanaolala. Ukifanya hivyo, mgonjwa wako ataweza kwenda kuwaona wazazi, kuhudhuria harusi au kulala kambini na wenzake, na usiku apumue kama yuko nyumbani.

Kwa leo tunaishia hapo. Nakutakia safari njema na usiku mwema. Kwaheri.