Tupime moteri kabla ya kutoa feza

Nimeombwa niseme juu ya moteri ya mtumbwi wetu. Nianze na yangu: ile ya kwanza, iliyokufa katikati ya Lualaba, karatasi ya kuipokea nilisaini mimi. Pale kivukoni iliwaka mara moja, sauti nzuri, tukapiga makofi. Wamama waliokaa mtumbwini mpaka jioni, maji yanawapeleka na mifuko yao ya mpunga, wanajua yaliyofuata.

Muuzaji alisema tumeiunguza sisi wenyewe. Na kweli, mafuta tulikuwa tunayapima kwa kopo la nyanya, kwa macho tu. Labda alikuwa na haki, labda alituuzia maiti. Hatukuwa na namba ya siku ya kwanza, basi hatukuwa na la kujibu.

Sasa kuna ingine inauzwa, Yamaha ya farasi 40, sirindri mbili, iliyotumika. Mimi nasema isilipwe kabla ya kupimwa kompresio.

Moteri hii, ya kuchanganya mafuta ndani ya esanse, haina valvu kama za gari. Pistoni yenyewe ndiyo inafungua na kufunga matundu. Segma zake zikichoka, nguvu inapita pembeni. Bila mzigo itawaka vizuri tu; ipe watu na mifuko, ipande mto, hapo utaijua.

Kipimo ni saa ndogo yenye bomba, inafungwa pale buji ilikuwa. Kwanza moteri iwashwe ikiwa ndani ya maji, ipate moto, izimwe. Buji zote mbili zitolewe, waya zake zigusishwe kwenye chuma cha moteri, maana cheche na esanse si marafiki. Gazi ifunguliwe yote. Kijana mwenye mkono avute kamba mara tano, sita, mpaka mshale ukatae kupanda. Tuandike. Sirindri ya pili, vilevile.

Namba nzuri iko ndani ya kitabu cha moteri, lakini tofauti ndiyo inasema zaidi. Moja ikitoa 8 na ingine 6, kuna ugonjwa. Hapo fundi amwage kijiko cha mafuta ndani ya ile dhaifu, apime tena. Ikipanda, segma zimeisha. Isipopanda, aangalie kizibo cha kichwa, au pistoni imetoboka.

Tukiinunua, namba hizo ziingie ndani ya kayee yetu, tupime tena kila miezi mitatu. Na kopo la nyanya lirudi jikoni: kwa uwiano wa 50 kwa 1, litre 10 za esanse zinataka mililita 200 za mafuta, na chupa yenye alama tunayo.

Wafadhili wanaotusoma, tunaomba hicho kipimo na malipo ya fundi ya siku moja, tu.

Tunapima kesho saa mbili asubuhi, kivukoni, upande wa Alunguli. Muuzaji amekubali. Akigeuza neno, feza inabaki kwa mtunza sanduku.