Kutoka Markdown Hadi Word: Kuhamisha Nyaraka za Mradi wa Programu Bila Kuzaa Nakala Mbili

1. Utangulizi

Timu nyingi zinazotengeneza programu za kompyuta siku hizi huandika nyaraka zao kwa Markdown. Utaratibu huu wa uandishi, uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, hautaki zaidi ya faili la maandishi matupu: alama ya reli mwanzoni mwa mstari huweka kichwa cha habari, nyota huanzisha orodha, na alama ya ` hufunga msimbo. Mafaili hayo hukaa pamoja na msimbo ndani ya Git, mfumo wa kutunza matoleo, kila badiliko likiwa na jina la aliyelifanya.

Mteja, mkaguzi na mwanasheria hawaingii huko. Wao huomba hati ya Word yenye jalada, yaliyomo na namba za kurasa, waisome na kuandika maoni pembeni. Hoja ya mada hii ni kwamba hati hiyo ichukuliwe kuwa zao la mradi, linalozalishwa upya kila linapotakiwa, kama programu inavyozalishwa kutokana na msimbo wake. Anayeihariri hati ya Word kwa mkono amezaa nakala ya pili, na haitachukua muda kabla mwongozo alionao mteja haujasema jambo tofauti na ule wa timu.

2. Kilichomo ndani ya docx

Faili la docx, yaani hati ya Word, ni furushi la zip. Ukilibadilisha jina likaishia na .zip na kulifungua, utakuta folda iitwayo word, na ndani yake document.xml na styles.xml. La kwanza lina maneno. La pili lina sura ya maneno hayo. Kichwa cha habari kilicho katika document.xml hubeba jina la mtindo tu, Heading1. Fonti, rangi na ukubwa wake vimeandikwa katika styles.xml. Muundo huu ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 29500, mwaka 2008. ODT inayotumiwa na LibreOffice, ambayo nayo ni furushi la zip, ilitangulia mwaka 2006 kwa namba ISO/IEC 26300.

Hapo ndipo ubadilishaji unapowezekana. Markdown husema "hiki ni kichwa cha ngazi ya kwanza", na docx ina mahali pa kulipokea neno hilo hilo. Anayenakili kutoka kwenye kivinjari na kubandika ndani ya Word huweza kubeba pia fonti na rangi za kivinjari, kisha akashinda akizifuta.

3. Amri moja na kiolezo kimoja

Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Amri yake huweza kuwa hivi:

pandoc -f gfm utangulizi.md ufungaji.md matumizi.md --reference-doc=kiolezo.docx --toc -M toc-title=Yaliyomo -M lang=sw-TZ -o mwongozo.docx

Mafaili matatu yameunganishwa kwa mpangilio uliotajwa, orodha ya yaliyomo imepewa kichwa cha Kiswahili, na hati imetambulishwa kuwa ya Kiswahili ili kikagua tahajia kisipige mstari mwekundu chini ya kila neno. Faili la kiolezo ndilo linaloamua sura. Pandoc haijali maneno yaliyomo humo. Huchukua mitindo, pambizo, ukubwa wa karatasi, na vichwa na vijachini vya kurasa. Timu ikikaa siku moja kukirekebisha kiolezo, ikachagua A4 na kuweka nembo, hati zote zitakazofuata zitatoka zikiwa zimevaa sare.

4. Panapoharibika

Kwanza, lahaja. Katika Markdown ya Pandoc yenyewe, orodha isiyotanguliwa na mstari mtupu humezwa na aya iliyo juu yake. Katika lahaja ya GitHub hutoka kama orodha. Vilevile, Pandoc ikisoma kwa lahaja yake, vistari viwili hugeuka kistari kimoja kirefu. Mwandishi aliyetaja --toc katikati ya sentensi bila kuifunga kwa alama za msimbo atampa msomaji amri isiyofanya kazi. Ndiyo maana amri ya hapo juu imetaja -f gfm, yaani lahaja ya GitHub.

Pili, picha. Njia ya picha hutafutwa kuanzia folda ambamo amri imeendeshwa, si folda ya faili linaloitaja. Picha isipopatikana, Pandoc hutoa onyo na kuacha maelezo yake tu. Dawa ni --resource-path. Michoro iliyoandikwa kwa lugha ya Mermaid nayo hutokea kama mistari ya msimbo. Igeuzwe kuwa picha kabla.

Tatu, viungo. Kiungo kinachoelekeza kwenye ufungaji.md kitaendelea kuelekeza huko, ilhali mpokeaji hana faili hilo.

Nne, yaliyomo. Orodha hii huwekwa kama uga unaojazwa na Word yenyewe. Kabla ya kutuma, bofya ndani yake na ubonyeze F9, la sivyo mpokeaji anaweza kukuta ukurasa mtupu.

5. Maoni yanaporudi

Hati hurudi ikiwa na mabadiliko yaliyofuatiliwa na maoni pembeni. Pandoc huweza kuisoma kwa --track-changes=all, ikaonyesha kilichoongezwa, kilichofutwa na aliyefanya hivyo. Hata hivyo, isiachwe ifute faili la asili: mistari itakatika mahali papya, na Git itaonyesha kana kwamba waraka mzima umeandikwa upya. Afadhali mtu mmoja akae na orodha ya mabadiliko, aingize yaliyokubaliwa katika Markdown, kisha aizalishe hati tena.

6. Mapendekezo

(a) Mafaili ya Markdown yawe nakala mama. Hati ya Word isihaririwe na timu.
(b) Kiolezo na amri vihifadhiwe ndani ya Git, ili yeyote aweze kuzalisha hati ile ile.
(c) Kila hati inayotumwa iwe na toleo na tarehe kwenye jalada, ili maoni yajulikane ni ya toleo lipi.
(d) Mradi uchague lahaja moja ya Markdown na kuitaja katika mwongozo wa waandishi.

Kwa majadiliano, ninaomba vikundi vianze na swali hili: mteja anaposisitiza kwamba hati ya Word aliyoisaini ndiyo halali kisheria, timu ibadili vipi utaratibu wake bila kuziacha nyaraka zilizo kando ya msimbo zikachakaa?