KALAFATI YA NYUMBA: KUCHAGUA NA KUNUNUA
(Maneno aliyosema fundi wa madirisha mbele ya wanachama wa tawi letu)



Mwenyekiti amenitaka niseme juu ya vitu vya kuziba nyufa, na naona wengine mnacheka, kwa kuwa kazi hiyo huachiwa kibarua wa jana, siku ya mwisho, rangi ikiwa imekwisha pakwa. Lakini mvua ikiingia, anayetafutwa ni nani? Si aliyenunua. Ni sisi.

Wenzetu wa pwani wana neno la kazi hii: kalafati. Fundi wa jahazi huchukua pamba iliyolowa mafuta, akaipigilia katikati ya mbao, na chombo hakivuji. Nitalitumia neno hilo kwa nyumba pia.

Nilipata kufanya kazi katika nyumba ya ghorofa hapa Nairobi. Kontrakta alileta silikoni ya bei ya chini kabisa, ile inayonuka siki. Tuliitia kati ya fremu za madirisha na mawe, kama tulivyoamriwa. Masika ya pili maji yakaingia, na kontrakta akataka kukata mishahara ya mafundi watatu, nami nikiwa mmoja wao. Tuliponaje, nitasema baadaye.

Harufu ile ya siki ni asidi. Juu ya kioo na vigae silikoni hiyo hushika vizuri sana, nami mwenyewe huitumia bafuni. Lakini simiti na chokaa hushindana na asidi, basi kalafati hubanduka kama gamba. Tena hula mabati na shaba. Kwa mawe, simiti na chuma takeni silikoni isiyo na asidi. Kwenye tyubu huandikwa “neutral”. Na silikoni yo yote ya kawaida haikubali rangi juu yake.

Akriliki ni ya maji, hupakwa rangi, na bei yake ni nafuu. Ni ya ndani, pembeni mwa fremu za milango na nyufa ndogo za plasta. Msiitie mahali maji yanapokaa, na msiitie nje mawingu yakiwa meusi, maana mvua huiosha kabla haijakauka.

Kwa pengo kati ya kuta mbili za simiti, linalofunguka na kufunga kwa joto na baridi, poliyurethani ndiyo yenye nguvu. Pengo la milimita 20 halitaki kujazwa mpaka ndani. Sukumeni kwanza kamba ya sponji, kisha kalafati iwe na kina cha milimita 10 hivi. Ishike pande mbili tu. Ikishika na nyuma pia, itapasuka. Poliyurethani ikiwa mbichi ina isosayaneti, na kitu hiki huweza kumletea mtu pumu isiyomwacha. Fungueni madirisha na vaeni glavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Msivinunue kwa posho yenu.

Paki ya mafuta ya kitani bado ni nzuri kwa vioo vya fremu za mbao, mradi mbao ipakwe rangi ya kwanza, la sivyo huyanywa mafuta yote. Fremu za chuma zina paki yao.

Sasa kununua. Tyubu ya mililita 300, kwa mstari wa milimita 6 kwa 6, hutoa mita 8 na kidogo. Kwa milimita 10 kwa 10 hutoa mita 3 tu. Dirisha la mita 1.2 kila upande lina mzunguko wa mita 4.8, madirisha 20 ni mita 96, yaani tyubu 12, na moja ya akiba. Mwambieni nyapara hesabu hii kabla hajakwenda dukani. Someni tarehe ya mwisho. Bonyezeni tyubu: ikiwa ngumu, rudisheni. Iliyowekwa dirishani juani mwaiachie mwenye duka.

Narudi kwa mishahara yetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara ambayo mfanyi kazi ameileta kwa makosa ya makusudi. Kufuata amri si makusudi. Mjumbe wetu wa chama aliomba hati ya kupokea vifaa, na ikaonyesha ni nani aliyeagiza na ameagiza nini. Nami nilikuwa nimeweka tyubu moja tupu katika sanduku langu la vyombo. Iliandikwa wazi kwamba si ya mawe. Mazungumzo yalikwisha kabla ya chai, na hakuna senti iliyokatwa.

Tangu siku ile huweka tyubu moja kwa kila kazi, na mke wangu amechoka nazo. Hii hapa ni ile ya kwanza. Ipitisheni msome maandishi ya nyuma, wakati nikingoja maswali yenu.