Siku Zetu na Daftari la Karani

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Twawashukuru kwa kuja, hasa ninyi akina mama mliokuja na watoto mgongoni. Leo hatutasema juu ya mshahara. Tutasema juu ya siku: siku za kazi, siku za likizo, na yule anayeziandika.

Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi waliijua tikiti. Ilikuwa karatasi ya siku 30, na kila siku ya kazi ilitiwa alama. Mnyapara asipokutia alama, jasho lako la siku ile lilikwenda bure. Tikiti haiko tena. Siku hizi mlangoni pana mashine. Watia kidole, nayo saa yaandikwa. Lakini swali ni lile lile: nani ashikaye daftari, na sisi twaweza kuliona?

Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilisema kwamba mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mtu asiye na mke wala watoto, ikashauri ukadiriwe kwa mtu na jamaa yake. Haya, saa za kazi je? Hata leo zapangwa kana kwamba nyumbani hakuna mtoto.

Dada yetu mmoja, ambaye hatumtaji jina, huingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka jana mtoto wake aliugua mara kwa mara. Kila alipochelewa saa moja au mbili kwa ajili ya kliniki, karani alimkata siku nzima ya likizo, wala hakumwambia. Alipoomba ruhusa ya kwenda nyumbani mwezi wa Disemba alijibiwa, "Zimebaki siku nne." Tulipokwenda naye kwa meneja, kitabu kilionyesha siku 17 zimekwisha. Dada hakuwa na hesabu yake mwenyewe, ila alikuwa na kadi ya kliniki, yenye tarehe na mihuri. Tukazilinganisha tarehe zile na saa za mashine, moja moja. Siku tisa alikuwa ameingia akafanya kazi mpaka jioni. Zikarudishwa. Nane hakuja kabisa, nasi hatukuzidai.

Sasa sikilizeni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kwa kila miezi 12. Kifungu cha 29 champa mama miezi mitatu ya uzazi, na baba majuma mawili, kwa mshahara kamili. Mama hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu amezaa. Na ninyi akina baba, msione haya kuzidai siku zenu. Si zawadi ya bwana mkubwa. Kifungu cha 74 chamlazimisha mwajiri kuandika siku za likizo unazostahili, ulizochukua na zilizobaki. Na afisa wa leba aweza kukitaka kitabu hicho akitazame. Tena kifungu cha 46 chakataza kumfukuza mtu kwa kuwa ana mimba, au kwa kuwa ameomba likizo iliyo haki yake.

Lakini tusidanganyane. Likizo ya ugonjwa katika sheria hiyo ni ya mfanyakazi mwenyewe akiugua. Siku za kumwuguza mtoto haikuzitaja. Hizo lazima tuzipate kwa mapatano.

Kwa hiyo halmashauri yetu imeamua kuyapeleka kwa mwajiri mambo matatu. Kwanza, saa zilizopotea zihesabiwe kuwa saa, zisigeuzwe siku. Pili, mzazi aruhusiwe kubadilishana zamu na mwenzake, au kuzilipa saa zake siku nyingine, msimamizi akijua mapema. Tatu, kila mwisho wa mwezi kila mtu aonyeshwe hesabu ya siku zake, atie sahihi.

Mwajiri atasema kazi italala. Neno hilo lina ukweli wake, kwani mmoja asipokuja, mzigo wake huangukia mwenzake wa karibu. Ndiyo sababu twasema tupeane habari mapema, na asiye na mtoto asiwe yeye kila siku wa kujaza nafasi. Anayesingizia mtoto mgonjwa ili akalale nyumbani atuharibia sote.

Nanyi, ndugu, kila mmoja anunue daftari dogo. Andika siku uliyochelewa na saa uliyoingia, siku uliyoomba ruhusa na aliyekupa. Kadi ya kliniki usiitupe. Dada yule alikwenda nyumbani Disemba na siku 13 mkononi kwa sababu ya kadi moja tu. Siku zako usipozihesabu wewe, atakuhesabia mwingine.

Umoja ni nguvu.